Kitanda Kimoja kwa Watu Wawili

Askari hulala popote. Hayo tuliambiwa siku za mwanzo za mafunzo, na katika miaka 28 niliyovaa sare niliyathibitisha mwenyewe. Nimelala juu ya masanduku ya risasi, nimelala chini ya lori mvua ikinyesha, nimelala ndani ya handaki huku maji yakinifika viwikoni. Lakini mwezi wa Novemba uliopita nilipewa kitanda chenye shuka, mto na blanketi laini, kilomita 11 juu ya ardhi, nikaukosa usingizi. Kisa chake ndicho nitakachowasimulia wasomaji wa ukurasa huu, maana naamini kwamba ninyi mlio kambini, na ninyi mnaowangojea walio kambini, mtakielewa upesi kuliko watu wengine.

Binti yetu ni muuguzi katika nyumba ya wazee mjini Utrecht, nchini Uholanzi. Alijifungua mtoto wake wa kwanza, akatuita mama yake na mimi tukamwone mjukuu. Taabu ilikuwa goti langu. Goti hilo liliumia Mogadishu mwaka 2011, miezi michache kabla al-Shabaab hawajauacha mji ule mwezi wa Agosti, na tangu hapo mguu wangu wa kushoto haukunjiki ipasavyo. Daktari alisema kwamba safari ya saa nane na zaidi, usiku kucha, mguu ukiwa umebanwa kati ya kiti na kiti, si jambo la kufanyia mzaha. Binti yetu alikuwa amekwisha kulifikiria jambo hilo. Miezi kadhaa kabla ya kujifungua alikuwa akifanya zamu za ziada, akaweka akiba, kisha akatuma tiketi mbili: moja ya daraja la biashara, yenye kiti kinachogeuka kitanda, kwa ajili yangu, na moja ya daraja la kawaida kwa mama yake. Yangu iligharimu zaidi ya mara tatu ya ile ya mama. Nilipoambiwa bei yake niliketi chini. Zilikuwa ni fedha za kuezeka nyumba yetu kwa bati jipya, na salio likatosha karo ya muhula mzima.

"Nitampigia simu airudishe," nilimwambia mke wangu.

"Hutampigia," alijibu. "Mtoto amekesha na wazee wa watu ili mguu wako unyooke. Ukiirudisha tiketi, umeutupa usingizi wake."

Basi nikanyamaza.

Tulifika kiwanja cha ndege cha Entebbe saa 2 usiku. Palikuwa na mistari miwili mbele ya meza za kupokelea mizigo. Mmoja ulikuwa mrefu, wenye masanduku yaliyofungwa kamba na watoto waliochoka. Wa pili ulikuwa mfupi, umetandikiwa zulia. Mimi nilielekezwa kwenye zulia. Mke wangu alinifuata kwa kuwa ndiye aliyeubeba mkoba wa dawa, wala hakuna aliyetuuliza neno. Lakini baada ya ukaguzi tulifika kwenye chumba cha mapumziko cha wasafiri wa daraja langu, na hapo kijana wa mlangoni alizitazama hati zetu mbili, akasema kwa adabu kubwa, "Mzee, karibu ndani. Mama atasubiri upande ule."

Ndani niliona makochi, magazeti, vyakula na vinywaji vya kila namna, vyote bila malipo zaidi. Nilikaa dakika tano. Chai yangu ilikuwa ingali moto nilipoiacha, nikachukua fimbo yangu, nikatoka kwenda kuketi na mke wangu kwenye viti vya chuma.

Alicheka aliponiona. Kisha akaniuliza ni nani aliyebuni desturi hii ya kuwatenga watu watakaopanda chombo kimoja, kwenda mahali pamoja. Kwa kuwa tulikuwa na saa mbili za kungoja, nilimweleza yale niliyoyasoma.

Hapo zamani hapakuwa na haja ya kuwatenga, kwa sababu waliopanda ndege walikuwa ni wakubwa watupu. Mwaka 1937 ndege za majini za shirika la Imperial Airways zilianza kutua Port Bell, karibu na Kampala, zikiwa njiani kati ya Uingereza na kusini mwa Afrika. Usiku ndege zile kwa kawaida hazikuruka. Jua lilipokaribia kuzama zilitua majini, na abiria wakashuka kwenda kulala hotelini kama watu wa gari moshi walioachwa kituoni. Kisha tarehe 2 Mei 1952 ndege ya Comet ya shirika la BOAC iliondoka London kwenda Johannesburg, na hiyo ndiyo safari ya kwanza duniani ya ndege ya jeti kubeba abiria kwa ratiba maalumu. Ilikuwa na abiria 36. Ilitua Rome, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone, na safari nzima ilichukua chini ya saa 24. Naam, ni Entebbe yetu hii hii. Tangu siku zile usiku ukawa sehemu ya safari, na abiria akatakiwa alale pale pale alipoketi.

Ndege zilivyozidi kuwa kubwa, nauli zilipungua, na watalii, wanafunzi na wafanyakazi wa kawaida nao wakapanda. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mashirika yaliona kwamba wafanyabiashara waliolipa nauli kamili walikuwa wakiketi bega kwa bega na watu waliolipa nauli iliyopunguzwa, nao walinung'unika. Ndipo likatengwa daraja la katikati, kati ya lile la kwanza na lile la wengi, likaitwa la biashara. Mwanzoni tofauti haikuwa kubwa: kiti kilikuwa kipana zaidi kidogo, na chakula kilikuwa kizuri zaidi kidogo. Kitanda kilichonyooka kabisa kiliingia katika daraja hilo mwaka 2000, shirika la British Airways lilipokitia katika ndege zake, na baadaye mashirika mengine yakafuata moja baada ya jingine.

"Kumbe ni kama mesi ya maofisa," alisema mke wangu.

"Sivyo," nilimjibu. "Katika mesi ya maofisa huingii kwa fedha."

Ndege yetu ilitua ikitoka Kigali, na baadhi ya abiria wake walikuwa wamo ndani tayari. Tuliitwa kwanza sisi wenye fimbo na wale wenye watoto wachanga. Mlangoni mhudumu alitazama hati zetu: mimi kushoto, mke wangu kulia. Mke wangu alinikabidhi mkoba wa dawa, akaninyosha kola ya koti kama alivyokuwa akifanya zamani kila nilipoondoka nyumbani kwenda kazini, akasema, "Haya, Afande." Kisha akaenda zake upande wa kulia. Muda si muda mhudumu akavuta pazia kati ya pande hizo mbili.

Napenda sasa niwaeleze nilichokiona upande wa kushoto, bila kukitia chumvi na bila kukidharau.

Kabla ya usiku ule nilikuwa nimepanda ndege mara 4, zote za mizigo, kwenda Mogadishu na kurudi. Ndani ya ndege hizo tuliketi ubavuni juu ya mabenchi ya turubai na nyavu, tukitazamana, vifurushi vyetu vikiwa katikati, masikio yameziba kwa ngurumo. Hapakuwa na chakula wala maneno. Mara ya mwisho sikuketi, bali nilirudishwa nimelazwa juu ya machela. Kwa hiyo, ndugu msomaji, kulala kwa kunyooka ndani ya ndege halikuwa jambo geni kwangu. Ila mara ile ya kwanza sikumbuki kama nilitandikiwa shuka.

Viti vya daraja la biashara katika ndege yetu vilikuwa 18, vimepangwa viwili viwili. Kila kimoja kilikuwa na vitufe ubavuni. Ukibonyeza kimoja, egemeo hulala nyuma. Ukibonyeza kingine, sehemu ya miguu huinuka na kusonga mbele. Na ukiendelea kubonyeza, vyote hukutana na kuwa kitanda kimoja chenye urefu wa kumtosha mtu mzima. Nilipewa mto, blanketi, soksi na kijimfuko chenye mswaki. Chakula kililetwa juu ya kitambaa cheupe, sahani moja baada ya nyingine, kwa uma na kisu cha chuma na gilasi ya kioo. Wahudumu walizungumza nami kwa sauti ya chini, wakiniita bwana. Mguu wangu niliunyosha wote, na kwa mara ya kwanza tangu tulipoondoka nyumbani goti likaacha kupwita. Fadhila hiyo siwezi kuikana. Asemaye kwamba daraja hilo ni fahari tupu hajapata kusafiri na mguu mbovu.

Hata hivyo nilikumbuka jambo moja wahudumu walipokuwa wakituonyesha milango ya dharura. Kanuni za usafiri wa anga zinataka ndege kubwa ya abiria iwe na uwezo wa kutoa watu wote kwa sekunde 90, nusu ya milango ikiwa haitumiki. Katika sekunde hizo 90 hakuna pazia. Na wanaofika salama hufika wote kwa dakika moja, wa kitanda na wa kiti. Hakuna shirika lililoweza kuuza namna ya kuwahi.

Tuliruka saa 5 kasorobo usiku. Taa za Entebbe ziliishia ghafla pale ziwa linapoanzia, na baada ya hapo palikuwa giza tupu. Mbele yangu palikuwa na kioo kidogo kilichoonyesha ramani na alama ya ndege yetu ikisogea polepole. Kwa njia ya kunyooka, Entebbe na Amsterdam zimeachana kwa karibu kilomita 6,350, na mstari huo hupita juu ya Sudan. Lakini ndege yetu haikuufuata. Nilipoitazama ramani baada ya muda, tulikuwa tumeelekea upande wa Ethiopia, ili tupite Bahari ya Shamu na Misri. Tangu vita vilipozuka Khartoum tarehe 15 Aprili 2023, ndege nyingi za abiria zimekuwa zikiizunguka anga ya nchi hiyo. Khartoum ile ile ambayo mwaka 1952 ilikuwa kituo cha kupumzikia abiria wa Comet, sasa ilikuwa tundu jeusi kwenye ramani. Niliwaza juu ya wenzetu walioko huko, raia na askari, ambao usiku ule hawakuwa na kitanda wala kiti. Abiria wa pembeni yangu, mzee wa Kizungu, alikuwa amekwisha kulala akikoroma. Kwake yeye safari ilikuwa imeongezeka dakika chache tu.

Taa zilizimwa. Nilijifunika blanketi, nikafunga mkanda juu yake kama mhudumu alivyonielekeza, ili wasilazimike kuniamsha ndege ikitikisika. Nikafumba macho. Usingizi haukuja.

Nilihesabu. Tangu tulipooana, ni usiku mingapi mke wangu alilala peke yake kwa sababu yangu? Nilianza na zamu za lindo, nikaongeza mazoezi, nikaongeza miaka ya kaskazini mwa nchi, nikaongeza Mogadishu, mara mbili. Nilipofika miaka tisa niliacha kuhesabu. Na usiku huu, ambao hapakuwa na amri yoyote ya kututenganisha, tulikuwa ndani ya chombo kimoja, yeye ameketi wima na mimi nimelala kama mfalme, kitambaa cha pazia kikiwa katikati.

Ilipofika saa 8 usiku, saa ile ya kupokezana lindo ambayo mwili wangu hauisahau hata sasa, niliinuka. Nilichukua fimbo, nikalifunua pazia, nikaenda nyuma.

Nyuma kulikuwa kama hanga la kuruta usiku wa kwanza. Watu walilala kila namna: mmoja ameegemea dirisha, mwingine ameinamia meza ndogo iliyo mbele yake, kijana mmoja amejifunika koti kichwani. Nafasi kutoka kiti hadi kiti, katika ndege nyingi, huwa kati ya sentimita 76 na 81. Mtu mrefu hana pa kuyapeleka magoti yake. Hewa ilikuwa nzito. Nilipita taratibu nikishika viti, nikitazama nyuso, hata nikafika safu ya 31.

Mke wangu alikuwa macho. Kifuani pake palikuwa na mtoto mchanga asiye wetu. Kiti cha pili alikuwa amelala msichana mmoja, mdomo wazi, kwa usingizi wa mtu aliyeanguka.

"Huyu ni nani?" nilinong'ona.

"Mtoto wa huyu binti. Wanatoka Kigali, wanamfuata baba yake. Hajalala siku mbili. Nimemwambia alale, nimshikie." Akanitazama. "Na wewe unatafuta nini huku? Umeumwa?"

"Sikuumwa. Nimekuja tubadilishane. Nimemwuliza mhudumu, amesema atamwuliza mkubwa wake, huenda ikawezekana. Nenda ukalale mbele, mimi nitakaa hapa."

"Na mtoto?"

"Nitamshika."

"Na mguu?"

Sikuwa na jibu la upesi. Mke wangu alimrekebisha mtoto begani, akasema kwa sauti ya chini:

"Nisikilize, Baba. Tiketi ile haukukatiwa wewe. Umekatiwa mguu. Wewe umeusindikiza tu. Sasa unataka kuuleta mguu huku, uvimbe, tufike tumkabidhi mtoto wetu mgonjwa badala ya babu?"

Nilitaka kucheka, lakini hakuwa amemaliza.

"Mwaka 2011 nilikuwa nikilala na simu chini ya mto. Ikilia usiku, moyo unasimama kabla sijaona ni nani. Wenzangu wawili wa pale kambini walipigiwa simu kama ile. Miezi yote hiyo sikutaka kitanda kizuri. Nilitaka jambo moja tu, nijue kama usiku ule umelala, na umelala mahali pa namna gani. Leo najua. Uko hatua arobaini kutoka hapa, umenyooka, umejifunika. Kwa nini uniharibie? Nenda ukalale."

Nilisimama pale kwa muda wa robo saa hivi, bila kusema mengi. Nilimshika mtoto kidogo naye akanyosha mikono. Msichana wa Kigali hakuamka. Mhudumu alipita akatupatia maji, mmoja mmoja, kisha akaniambia kwamba mkubwa wake amekubali. Mke wangu akamjibu kwamba tunashukuru, lakini mzee amekwisha kubadili nia.

Nilirudi mbele. Nilijifunika, nikafunga mkanda juu ya blanketi, nikalala saa tatu bila kugeuka.

Hapa naomba nisimamishe kisa kidogo, kwa faida ya wale ambao huenda nao wakasafiri, au wakamsafirisha mzazi. Kule kutembea kwangu usiku, ingawa sikwenda kwa ajili hiyo, ndilo jambo bora nililoufanyia mguu wangu. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilitangaza matokeo ya uchunguzi uliothibitisha kwamba hatari ya damu kuganda ndani ya mishipa huongezeka karibu mara mbili kwa mtu anayesafiri saa nne au zaidi akiwa ameketi bila kujinyosha. Hatari yenyewe si kubwa: kwa mtu mwenye afya ni kama mmoja katika watu 6,000. Tena haitokani na ndege peke yake, bali hata basi, gari na gari moshi. Wala haichagui daraja. Mwenye kitanda asiyejigeuza naye yumo. Walio katika hatari zaidi ni waliopata kuugua ugonjwa huo, wanene kupita kiasi, wajawazito na waliojifungua karibuni, na waliofanyiwa upasuaji karibuni. Hao na wamwone daktari kabla ya kukata tiketi.

Basi, ukiwa safarini, zungusha vifundo vya miguu, inua visigino na kuvishusha, na kila baada ya muda simama utembee iwapo taa ya mikanda imezimwa. Kunywa maji, kwa maana hewa ya ndani ya ndege ni kavu mno. Vileo vipunguze au uviache kabisa. Ujue pia kwamba hewa hiyo ni nyepesi, kama ya mtu aliye mlimani penye kimo cha hadi mita 2,400, yaani juu ya mji wa Kabale. Mgonjwa wa moyo au wa mapafu asilipuuze jambo hilo. Dawa usizitie kwenye sanduku linalokwenda chini. Ziwe mkononi, pamoja na karatasi ya daktari. Na ikiwa mzazi wako hawezi kutembea mbali, omba kiti cha magurudumu mapema, siku unapokata tiketi. Kwa mashirika mengi huduma hiyo hailipiwi, nayo hutolewa kwa abiria wa daraja lolote. Usione haya kuomba.

Niliamshwa kwa harufu ya kahawa. Nilikunja blanketi langu kwa mraba, pembe juu ya pembe, kama tulivyokunja kambini, na mhudumu alipoliona alicheka, akasema si lazima. Nilimwambia kwamba kwangu mimi ni lazima.

Tulitua saa 11 na robo alfajiri kwa saa za Uholanzi, ambazo wakati wa baridi ziko nyuma ya zetu kwa saa mbili. Nje kulikuwa giza na mvua nyembamba. Kiwanja cha Schiphol kiko mahali pa ajabu: zamani palikuwa ni ziwa, Haarlemmermeer, ambalo Waholanzi waliliondoa maji yote kwa pampu hata likakauka mwaka 1852, na kiwanja chenyewe kiko karibu mita 3 chini ya usawa wa bahari. Tulikuwa tumeondoka kandokando ya ziwa lililo kwenye kimo cha zaidi ya mita 1,100, tukashukia katika sakafu ya ziwa jingine.

Wasafiri wa daraja langu waliruhusiwa kutoka kwanza. Hiyo nayo ni sehemu ya bei. Mhudumu alinionyesha mlango kwa mkono, nami nikatoka, lakini nilipofika mwisho wa lile daraja la kupitia abiria nilisimama kando, nikaegemea fimbo. Walipita wenye mikoba ya ngozi, wakakaza mwendo. Kisha wakaja wa nyuma, watu wengi, macho mekundu, nywele zimesimama, wakiburuta watoto. Mfanyakazi mmoja aliniuliza kama nimepotea. Nilimwambia kwamba namngoja mtu.

Mke wangu alikuwa miongoni mwa wa mwisho. Alikuwa amebeba begi la nepi, na msichana wa Kigali alikuwa nyuma yake na mtoto wake, uso umenawiri kwa usingizi. Tulitembea sote wanne hadi kwenye foleni ya pasipoti. Hapo palikuwa na mstari mmoja tu kwa wageni wa nchi zetu, na hakuna aliyeuliza mtu amelala wapi.

Binti yetu alikuwa akitungoja nje, mtoto amemfunga kifuani. Baada ya kukumbatiana, neno lake la kwanza lilikuwa, "Baba, ulilala?"

Kabla sijafungua kinywa mama yake akamjibu, "Alilala."

Niliona mabega ya mtoto wangu yakishuka, kama mtu aliyetua mzigo. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba katika nyumba yetu walikuwako wawili waliokesha usiku ule kwa ajili ya mguu wangu, mmoja katika safu ya 31 na mwingine mjini Utrecht. Na kwamba kama ningekikataa kile kitanda kwa kiburi cha unyenyekevu, ningewakesheza bure. Sisi tuliozoea kulinda usingizi wa wengine hatujui vizuri kulindwa. Ni kazi ambayo nayo inahitaji mafunzo.

Tulikaa Uholanzi majuma sita. Safari ya kurudi ilikuwa ya mchana, na binti yetu, kwa ruhusa ya daktari, alitukatia viti viwili vya daraja la kawaida katika safu ya mbele yenye nafasi ya miguu. Nilivaa soksi za kubana, nikasimama kila saa, nikatembea. Goti lilivimba kidogo, si sana. Tulipokuwa juu ya Bahari ya Kati, jua likiwaka madirishani, mke wangu alikiegemeza kichwa chake begani kwangu, akalala. Mhudumu alikuja na chakula, akataka kumwamsha. Nilimfanyia ishara amwache. Mkono wangu ulikufa ganzi tulipofika Misri, lakini sikuusogeza. Zamu ilikuwa yangu.